Mwaka wa Mstari Mmoja

Mwezi uliopita tulimzika Dokta Perpetua kwao Butiama, na nimerudi Musoma na hasira ambayo mpaka leo haijashuka. Sikasiriki kwamba amekufa. Alikuwa anaumwa sukari muda mrefu, tulijua, tulishajiandaa kadiri mtu anavyoweza kujiandaa. Nakasirika kwa sababu ya ndugu yake mmoja aliyeshika kipaza sauti, suti yake nyeusi, akatangaza mbele ya turubai zima kwamba marehemu katika miaka yake yote ya maabara hakuwahi kukosea hata mara moja. Watu wakaitikia vizuri. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake wanaochambua mchele, binti yangu Wegesa ameniegemea, na nikajikuta nimenyoosha mkono kama niko darasani. Mwongoza ratiba akaja, akainama kwa adabu: "Dada, wewe ni nani wa marehemu?" Nikamwambia nilikuwaga naosha vyombo vyake. Akanitazama viatu, akatazama saa. "Muda hautoshi dada yangu. Andika kwenye daftari la rambirambi pale mezani." Daftari lenyewe lilikuwa na nafasi ya kuandika pole na jina. Nilichokuwa nacho hakitoshi pale. Naandika hapa.

Nilizaliwa wapi, wazazi ni nani, hayo nayaruka. Ninachotaka kusema ni cha mwaka mmoja tu, ule Wegesa alipotimiza miezi saba. Nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo hazimhusu mtu, na chumba kimoja cha kupanga Nyasho. Baba wa mtoto alikuwa Buhemba machimboni, na katika habari hii hana kazi yoyote. Dokta alikuwa amepanga nyumba mitaa mitatu kutoka kwangu, nyumba ya kawaida ya kuishi familia, akaifanya maabara. Sebuleni mapazia ya maua ya mwenye nyumba yalikuwa bado yananing'inia. Jikoni ndiko alikopikia plastiki yake, kwenye chupa ndogo zilizokaa ndani ya sufuria la maji ya moto, na chumba cha watoto ndicho yeye na fundi wake walichokuwa wanaitwangia na kuichekecha. Nyumba nzima ilinuka siki na spiriti. Hata leo nikifungua chupa ya siki kwenye kachumbari, naisogeza mbali na mtoto kwanza, halafu ndiyo nakumbuka kwamba ni siki tu.

Mwaka ule ziwa liligeuka kijani. Si kijani cha magugu maji, hayo tumeyazoea. Hii ilikuwa kama mtu amemwaga rangi ya ukuta, inaelea, jioni upepo unaisukuma ufukweni inakuwa nzito kama kisamvu kilichochacha. Pale tunapochotaga maji bomba likikata, wanawake walikuwa wanaisogeza kwa beseni na kuchota chini yake. "Maji ni maji, chemsha," ndivyo tulivyokuwa tunaambiana, na mimi ndiye niliyekuwa nasema kwa sauti kuliko wengine, maana nilisoma baiolojia. Kila siku nachemsha, nachuja kwa kitambaa, nampa mtoto, najiona mama bora wa Nyasho. Halafu zikaja habari kwamba upande wa Bunda ng'ombe wamekunywa pale utando ulipojikusanya na hawakurudi zizini kwa miguu yao. Wiki hiyo hiyo Dokta akanichukua kazini kuosha vyombo, na siku ya tatu, nikiwa na sponji mkononi, nikamsikia anamweleza mtu kwenye simu: sumu iko ndani ya vile vijidudu vya kijani, na moto haiuogopi. Ukichemsha, vijidudu vinapasuka na sumu yote inamwagika kwenye maji.

Niliweka chupa chini taratibu. Nikamsubiri akate simu.

"Dokta. Kwa hiyo anayechemsha?"

"Anaua kipindupindu. Hii haiui."

"Anaizidisha?"

Akaweka simu mezani. "Una mtoto mdogo wewe, eeh? Nenda kachukue kisimani, kile cha kanisani. Ya ziwani acha kabisa."

Kisima cha kanisani kilikuwa mbali na foleni yake inaanza kabla jua halijatoka. Nilikwenda siku nne. Siku ya tano nilichelewa kazini, ya sita nilikuta kimefungwa, ya saba nilichota ziwani na nikakaa chini natazama ndoo kama natazama nyoka. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Watu wanadhani woga ni kupiga kelele. Woga wangu ulikuwa ni kuangalia mtoto anavyomeza.

Dokta alikuwa anatengeneza chenga. Mimi nilikuwa naziita hivyo na yeye mwishowe akaziita hivyo pia, maana zilifanana na chenga za mchele, nyeupe, zinachomachoma vidole. Ni plastiki, ila plastiki iliyofundishwa kazi moja. Alinieleza wakati wa chakula cha mchana, tumekaa kwenye mkeka sebuleni, yeye, mimi na Ezekiel fundi wa maabara, kijana wa Bunda asiyejua kunyamaza. Ugali wa muhogo, maharage, dagaa. Dokta akakata tonge, akalikandamizia punje ya haragwe katikati, akalifinyanga mpaka haragwe halionekani. Akalipasua, akalitoa lile haragwe kwa njiti ya kiberiti bila kuharibu ugali. "Ona tundu. Jaribu kuingiza kichwa cha dagaa." Sikuweza bila kulibomoa. "Haragwe lingine la aina hii litakaa. Mimi namwaga plastiki kuizunguka sumu yenyewe, ikiganda naitoa sumu, tundu linabaki. Na si umbo peke yake, ndani ya tundu kuna sehemu zinazoishika, kama mkono unavyoshika kitasa cha mlango wa kwako hata gizani. Maji yakipita na chumvi zake na mambo yake yote, chenga zinaacha vingine vipite, zinaikamata hii moja."

"Si utumie mkaa tu?" nikauliza. "Bibi yangu alikuwaga anaweka mkaa kwenye mtungi."

"Mkaa unakamata kila anayepita. Unajaa upesi, halafu mwenye sumu anapita mlango uko wazi. Hizi zinachagua."

Nikafikiri kidogo, ugali mkononi. "Kwa hiyo humo ndani kulikuwa na sumu."

"Kulikuwa. Ezekiel anaileta na madumu kutoka Bunda, tunaikausha, tunaikamua. Bila yenyewe hakuna tundu."

"Na anayeitoa ni nani?"

Ezekiel akacheka mpaka dagaa likamtoka. "Wewe, mama. Wewe ndiye mwenye kiwanda. Sisi tunachafua tu."

Kweli, ndiyo ilikuwa kazi yangu baada ya mwezi wa kwanza. Unaweka chenga kwenye chupa, unamimina methanoli iliyochanganywa na asidi ya siki, unatikisa mpaka bega linakufa ganzi, unachuja, uchafu unaenda kwenye dumu la taka, unaanza tena. Mara kumi na tano, mara ishirini, inategemea. Mwisho unasuuza kwa maji safi, unaloweka hadi kesho yake, na maji ya kulowekea ndiyo yanayopimwa kwa kijiti. Kijiti ni kikaratasi kigumu chembamba, unakichovya, unakilaza kwenye sahani nyeupe, unasubiri dakika kumi. Ezekiel ndiye aliyekuwa anapima. Ananiambia, "Bado, rudia," au, "Imetoka, kausha." Sikuwahi kuinama kuangalia kile kijiti kinasemaje. Hakuna aliyenionyesha na mimi sikuuliza. Nilikuwa naogopa kuonekana mjinga, na hilo nitalilaani mpaka nife.

Nilimwomba Dokta chenga kidogo kwa ajili ya Wegesa. Nilimwomba mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Bado, mdogo wangu, hizi ni za majaribio, hazijaenda kwa binadamu yeyote." Mara ya pili alitikisa kichwa tu huku anaandika. Nilitoka pale nikijisemea kwamba yeye mtoto wake yuko bwenini anakunywa maji ya chupa. Huo ndio ukweli wa moyo wangu, siupambi.

Halafu ikaja ile wiki. Ezekiel alikuwa Bunda, kwenye kijiji cha ufukweni ambako tungeweka ndoo za kwanza kwenye zahanati. Dokta alikuwa ofisi za wilaya Butiama kwenye kikao. Nilibaki peke yangu na fungu la chenga lililotakiwa kwenda Bunda wiki mbili mbele. Dokta aliniachia maneno mlangoni, funguo za gari mkononi: "Osha, loweka, pima mwenyewe, nipigie." Niliosha mara sita. Nikaloweka. Asubuhi nikachovya kijiti, nikakilaza kwenye sahani, nikakaa kwenye stuli nakisubiri.

Ukapanda mstari mmoja. Mmoja peke yake.

Sasa nisikilizwe vizuri hapa. Mwaka mmoja na nusu kabla ya siku ile nilikuwa nimejifungia chooni kwa shangazi na kijiti kingine mkononi, cha duka la dawa, na kikapanda mistari miwili, na mistari ile miwili ilikuwa habari mbaya kuliko zote nilizowahi kupata. Msichana yeyote wa rika langu anajua. Mmoja, umepona. Miwili, umekwisha. Hakuna somo la darasani lililowahi kuniingia kama lile la chooni. Kwa hiyo nilipouona mmoja nilishusha pumzi. Nikajisifu. Mara sita tu na imetoka, Ezekiel anapoteza methanoli bure. Nikampigia Dokta. Nyuma yake nasikia mtu anasoma taarifa kwa sauti ya ofisini.

"Dokta, nimepima."

"Eeh."

"Mstari mmoja."

"Sawa, sawa. Kausha, weka kwenye kopo, andika tarehe." Akakata.

Nikakausha. Nikaandika tarehe kwa mwandiko mzuri. Na kabla sijafunga kopo nikachota vijiko viwili vikubwa, nikavifunga kwenye kipande cha khanga ya zamani, nikashona kifuko kwa mkono, nikakitia kwenye sidiria kama mwizi wa sokoni, nikaenda nacho nyumbani.

Nilikitumbukiza kifuko kwenye ndoo ya maji ya ziwani, na siku tisa Wegesa alikunywa humo. Ilikuwa ndoo yake peke yake, ya bluu, na mfuniko. Mimi nilikunywa ya kawaida, maana nilitaka chenga zisichoke upesi. Nikiyakumbuka hayo naacha ninachofanya. Mwenye nyumba wangu, Mama Bhoke, ndiye aliyekuwa anabaki na mtoto nikiwa kazini, na alikiona kifuko siku ya kwanza.

"Hiki ndiyo nini? Umeenda kwa mganga?"

"Ni plastiki, mama. Inavuta sumu."

"Plastiki." Akafunika ndoo. "Wenzako wanawapa watoto uji wa lishe, wa kwako anapewa plastiki. Haya. Kusoma nako ni mzigo."

Siku ya sita mtoto akaanza kuharisha. Mama Bhoke akasema meno. Mimi nikasema meno. Nikamzidishia maji, kama tulivyofundishwa kliniki. Maji ya ndoo ya bluu.

Siku ya tisa Ezekiel alirudi na madumu yake. Jua la saa nne, mlango wa nyuma uko wazi, anapiga mluzi. Akachota kijiko cha ule utando wa kijani, akauchanganya na maji, akafanya mambo yake, akachovya kijiti na kukilaza kwenye sahani ile ile. Mimi nilikuwa nasuuza faneli karibu yake. Nikatupa jicho. Mstari mmoja.

"Kaka Ezekiel, mbona hiyo safi?"

"Ipi?"

"Hiyo. Mstari mmoja."

Akacheka. "Safi wapi wewe. Mstari mmoja ni sumu tupu. Sumu ikiwepo inaufuta ule wa pili. Safi ni miwili." Halafu akanitazama na kicheko kikamwishia usoni. "Mama Wegesa? Nini?"

Nakumbuka faneli haikuvunjika, niliiweka vizuri kabisa juu ya kitambaa, mdomo chini, kama inavyotakiwa. Halafu nikatoka na miguu ikawa inakwenda yenyewe, mitaa mitatu, watu wananisalimia na mimi naitikia, "Salama, salama." Nilikuwa natembea badala ya kukimbia kwa sababu nilihisi nikikimbia itakuwa kweli. Nilipofika, Mama Bhoke alikuwa amempakata mtoto mlangoni, kikombe cha njano kiko mdomoni kwake, na Wegesa anakunywa kwa mikono yote miwili, macho yako juu ya ukingo wa kikombe yananiangalia. Nilikipiga kikombe kikaruka hadi ukutani.

"Umechanganyikiwa?" Mama Bhoke akasema. "Mtoto ana kiu."

Nilimbeba mtoto mkono mmoja na ndoo mkono mwingine, nikarudi maabara. Dokta alikuwa amefika. Ezekiel alishamwambia kiasi. Nikaiweka ndoo mbele yake na kifuko changu cha khanga kinaelea humo, nikasema, "Pima." Akachovya kijiti, akakilaza. Dakika kumi. Sijawahi kukaa kwenye dakika kumi kama zile na sitaki tena. Friji inanguruma, pazia la maua linacheza, Wegesa anataka kushika sahani na mimi namshika mkono. Mstari wa juu ukapanda. Wa chini tukausubiri wote watatu, tumeinama, vichwa vinakaribia kugusana. Haukuja.

"Nani alikuruhusu kubeba chenga nyumbani?" Dokta akasema. Sauti ya chini.

"Hakuna."

"Nilikukataza mara ngapi?"

"Mara mbili. Na mimi nilikwambia mstari mmoja. Nilikupigia simu nikakwambia mstari mmoja, ukasema sawa."

Ezekiel akatazama sakafu. Nilimwona Dokta anakirudia kile kikao kichwani, anaisikia upya ile simu. Rangi ilimtoka, nasema kweli, mtu mweusi kama yeye alikuwa kama majivu.

"Ulisema," akasema. "Uliniambia na sikusikia. Twende hospitali."

Pale hospitali daktari alikuwa kijana, mstaarabu, ana kalamu mbili mfukoni. Akaniuliza mtoto amekula nini. Kabla sijajibu Dokta akasema, "Amekunywa sumu ya mwani wa ziwani, siku tisa, kiasi hatukijui. Imetoka kwenye maabara yangu. Huyu alikosea kusoma kipimo na mimi nilikosea kumsikiliza. Angalia ini." Akaandika jina la sumu kwenye karatasi. Daktari akalisoma, akalirudia, akasema samahani kidogo, akatoka na karatasi kwenda kumwuliza mwenzake. Mpaka pale nilikuwa nimejishika. Nilipomwona daktari anaenda kuuliza, ndipo nilipoogopa kweli. Nilikuwa nimempa mwanangu kitu ambacho hata wenye makoti meupe wanakwenda kukiulizia mlango wa pili.

Walimtoa damu. Kipimo cha kwanza cha ini kikaja kimepanda. Daktari akasema dawa ya kuiondoa hii hakuna, mtoto anyonye, anywe maji ya kisima tu, mumwangalie macho kama yanakuwa ya njano, mrudi wiki ijayo. Mumwangalie macho. Mtu anakwambia hivyo kama anakwambia funga mlango. Chumba changu kilikuwa na pazia la njano, na asubuhi jua likipita pale kila kitu kinakuwa cha njano, shuka, ukuta, macho ya mtoto. Asubuhi ya kwanza nilipiga yowe Mama Bhoke akaja na mwiko. Tukamtoa nje, kwenye mwanga, macho meupe. Asubuhi ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikaling'oa lile pazia na misumari yake nikabaki na dirisha wazi, wapita njia wananiona navaa, na sikujali. Kila kukicha nilikuwa namshika kidevu, namvuta kope la chini kwa kidole gumba, mpaka akawa akiniona tu asubuhi anafungua macho makubwa mwenyewe na kusubiri. Miezi tisa tu, ameshajua kwamba mama anatafuta kitu humo. Mama Bhoke aliacha kunitania. Alikuwa anakwenda kisimani yeye, kabla ya jua, na mgongo wake mbovu, na hakuwahi kuniambia neno juu ya hilo.

Na Dokta? Nilitegemea anifukuze. Nilitamani anifukuze. Jumatano yake akalitoa lile kopo lenye mwandiko wangu mzuri, akaliweka mbele yangu. "Osha."

"Siwezi kulishika hilo."

"Wewe ndiye unayejua ni chafu kiasi gani. Osha, na upime mwenyewe. Nitakaa hapa."

Nilimchukia. Mtoto wangu anasubiri kipimo cha pili na huyu mama ananiambia nitikise chupa. Nilitikisa huku nalia kwa hasira, methanoli inanichoma pua, na yeye amekaa kwenye stuli, simu ameizima na kuiweka mezani nikaiona imezimwa. Mara kumi na mbili, mstari mmoja. Mara kumi na saba, mmoja. Mara ishirini na mbili nikaloweka, na kesho yake mstari wa pili ukapanda, mwembamba kama uzi, halafu ukakolea. Akanifanya niseme kwa sauti kijiti kinamaanisha nini. Nikasema. Akachukua kalamu nene akaandika ukutani juu ya sinki la mwenye nyumba: MIWILI NDIYO SALAMA. Akasema, "Hili lilitakiwa kuwa hapa siku ya kwanza. Unaona? Sikuliweka."

Halafu akanipeleka Bunda. Sikutaka. Kwenye ile zahanati walikuwa wamekaa wanawake na ndoo zao tayari, wameitwa kupokea maji yaliyochujwa kwa chenga. Akasimama mbele yao akasema hawatapewa leo, fungu la kwanza lilikuwa na sumu ndani yake, mtoto mmoja amekunywa maji yake, na yeye aliambiwa kwenye simu na hakusikiliza. Alisema vile vile, hakupunguza. Mimi nimesimama kando na Wegesa mgongoni, kila mtu anageuka kutazama mgongo wangu. Bibi mmoja akauliza, "Kwa hiyo tunywe au tusinywe?"

"Msinywe. Mpaka huyu aoshe tena mbele yenu na mpime wenyewe."

"Na huyo mtoto?"

Dokta akasema, "Hatujui bado." Nikamsikia sauti inakatika hapo katikati.

Kipimo cha pili kilishuka. Cha tatu, baada ya wiki nyingine mbili, kikawa cha kawaida. Nilimwuliza daktari, ni zile chenga? Akasema huenda. Huenda ni maji uliyokuwa unachemsha kabla. Huenda ni homa nyingine tu, watoto wana mambo mengi. "Hatutajua, mama." Alisema kwa upole na alidhani amenifariji. Chenga zenyewe zilikuja kufanya kazi, nilikuwepo: maji ya kijani yanaingia juu ya ndoo, mstari mmoja, yanatoka chini, miwili, na wanawake wa Bunda walipima wenyewe wakanicheka nilivyokuwa nahakiki mara tatu. Niliosha mafungu yote mpaka mradi ulipoisha. Hakuna lililotoka pale kabla ya kukolea.

Sasa anakuja mtu na suti yake kuniambia Dokta hakuwahi kukosea. Wamemvua kitu alichokuwa nacho kizuri kuliko vyote, wamemzika bila hicho. Nimejua watu wengi ambao hawajawahi kukosea. Mmoja wao yuko Buhemba. Niliyewahi kumwona akisimama na kusema "niliambiwa na sikusikia" ni mmoja tu, na bado sijamsamehe vizuri, na nililia kaburini kwake mpaka nikashikiliwa.

Nilipotoka kwenye lile daftari la rambirambi, Wegesa aliniambia ana kiu. Ana miaka saba, meno mawili ya mbele hana. Nyuma ya jiko kulikuwa na pipa na kikombe cha bati, watu wanakunywa. Nikamwuliza mama aliyekuwa anaosha sahani maji yametoka wapi. "Yameletwa na gari, mwanangu, sijui." Nikafungua mkoba. Natembeaga na vijiti, miaka yote hii, Ezekiel ndiye ananipatia. Nikachota kidogo, nikachovya, nikakilaza kwenye mfuniko wa sufuria uliokuwa mweupe kidogo. Wanawake wakaacha kuosha.

"Unapima nini, dada?"

"Maji."

"Mtoto atakauka na kiu hapo."

Wegesa alichuchumaa pembeni yangu, kikombe kitupu mikononi, anajua kusubiri. Kutoka kwenye turubai kile kipaza sauti kilikuwa bado kinaendelea. Wa juu ukapanda. Dakika zikapita, hakuna kitu.

"Mama," Wegesa akasema. "Wa pili huo hapo."

Niliinama hadi pua ikakaribia mfuniko. Ulikuwepo, mwembamba kama uzi. Akanyoosha kikombe pipani.

"Ngoja," nikamwambia. "Ukolee kwanza."